Nyaya Mbili Nyeusi

Mume wangu alikuwa fundi umeme. Nyumba nyingi za upande wetu wa Kasulu zilipata mwanga kwa mkono wake, na akienda kufanya kazi Kibondo wenyeji walimpikia kama mtu wa ukoo. Lakini feni ya chumbani kwetu ilikaa kwenye boksi juu ya kabati miaka na miaka. Nyaya zake alikwisha kuzipitisha darini wakati tunajenga, na swichi yake ilikuwa ukutani, haiwashi kitu. Nikimkumbusha alicheka. "Mganga hajigangi, mama." Tangu tupate mtoto wa kwanza tuliitana hivyo, mama na baba.

Kisha kiharusi kikampata, asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukafa. Mkono aliokuwa akishikia bisibisi ukalala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Maneno nayo yakapungua. Kiswahili, alichokipata shuleni na kazini, ndicho kilichomtoka kwanza. Kikabaki Kiha cha kwao, na ndani yake majina ya vifaa vyake: waya, testa, swichi.

Watu hudhani huku kwetu milimani hakuna joto. Usiku tunajifunika blanketi, ni kweli, lakini kiangazi, jua likiwa juu ya bati, chumba huwaka. Mgongo wake ulilowa jasho tangu saa tano hadi jioni. Muuguzi aliyekuja kumsafisha kidonda cha kulala aliniambia ngozi isikae na unyevu, hewa ipite. Nikawa nampepea kwa khanga huku nguo za wateja zikinisubiri kwenye cherehani. Nikichoka alinipokea wifi yangu, dada yake aliyetoka Kumsenga kuja kunisaidia.

Nilimwita fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi naye. Alisimama mlangoni, akamwangalia mgonjwa, kisha akanigeukia mimi.

"Kumbe ndiyo amekuwa hivi. Tukiongea anaelewa?"

Mume wangu alikuwa akimtazama usoni. Yule fundi akanieleza mimi tu namna atakavyopasua dari, akasema atarudi na vifaa vyake. Alipoondoka mume wangu alitikisa kichwa. "Oya," alisema. Hapana. Halafu akainua mkono wa kushoto, akaninyooshea kidole.

"Mimi?" nikamuuliza. "Baba, mimi nashona magauni."

"Wewe."

Wifi alisema tutauana. Kwao hakukuwa na umeme wa nguzo, na hata swichi ya taa aliibonyeza kwa ncha ya kidole na kurudi nyuma. Sikuwa na ubishi naye. Lakini nilikuwa nimeuona uso wa mume wangu fundi yule alipouliza kama anaelewa, na sikutaka arudi.

Tukamwegemeza kwa mito ili aone dari. Nilizima meinswichi, nikaingiza chumbani meza yangu ya kukatia nguo, nikapanda juu yake na ndala za mpira miguuni kama alivyoniagiza. Nilikata tundu kwenye dari, nikapapasa gizani nikitafuta mbao. Kila nilipogusa nilimwambia nilichogusa. "Kenchi?" aliuliza. Nikagonga, mlio ukawa mzito. "Ego," akaitikia. Ndiyo. Feni isishikwe na dari, ishikwe na mbao ya paa. Hilo alilirudia mpaka nikaliota. Nikatoboa, nikapitisha kulabu, nikakaza nati hadi ikagoma kuzunguka. Kila nilipofanya haraka nilimsikia kutoka kitandani: "Buhoro." Taratibu.

Rigoleta ya kupunguza mwendo niliifunga ukutani, mbele ya macho yake, na hiyo haikunisumbua. Zikabaki nyaya za juu. Nilizivuta kwenye tundu, zikatoka tatu: mmoja wa kijani, ambao niliujua ni wa ethi, wa kwenda ardhini, na mbili nyeusi.

"Zote mbili nyeusi, baba. Wa moto ni upi?"

Nilimwona anatafuta maneno. Waya mwekundu ulimwishia siku ile, alisema, akatumia mweusi kotekote. Lakini wa moto aliuwekea alama.

"Fundo," alisema kwa Kiha. "Nilifunga fundo."

Nilizipitisha nyaya vidoleni kutoka ncha hadi zinapoingia darini. Nikarudia. Wifi akaninyanyulia tochi. Hakukuwa na fundo.

"Halipo," nikasema.

"Lipo."

"Baba, halipo."

Akazitazama nyaya mkononi mwangu. Tangu augue nilikuwa nimejiambia kwamba mkono na ulimi ndivyo vilivyoharibika, ila yeye mwenyewe yumo humo ndani, mzima, ananisubiri. Pale juu ya meza nikaelewa kwamba na humo ndani kuna vitu vimeondoka, na yeye kaelewa wakati uleule. Chozi lilimtoka jicho la kushoto. Wifi akamfuta kwa upindo wa kitenge.

Nilitaka kushuka. Nilitaka kumwambia tuache, nitampepea. Ndipo aliposema, pole pole, "Testa."

Nikafanya alivyonielekeza. Nilizitenganisha nyaya zisigusane, wifi akawasha meinswichi huku amefumba macho, nami nikagusisha testa waya wa kwanza. Giza. Nikagusisha wa pili, na kitaa kidogo ndani ya mpini kikawaka chekundu. Nikajisogeza kando aone.

"Zima," alisema.

Umeme ulipozimwa niliufunga waya ule uzi mwekundu wa cherehani. Kisha wifi akapanda pembeni yangu, akaibeba feni kifuani kama mtoto huku nikiitundika na kuunganisha.

Mara ya kwanza ilizunguka ikiyumba, akaamuru isimamishwe. Panga moja halikukazwa sawasawa. Nikalikaza. Mara ya pili ikatulia. Shuka likainuka kidogo ubavuni mwake. Alifumba macho. Nikadhani atasema kitu, kumbe amelala, mdomo wazi, jasho likimkauka shingoni.

Kiangazi kile tulikimaliza naye, na kidonda kikafunga. Aliondoka mvua zilipokwisha kushika, baada ya kiharusi cha pili, wakati feni hatuiwashi tena kwa sababu ya baridi.

Siku za matanga nyumba ilijaa. Wanawake walikaa kwenye mikeka chumbani mle, na kwa wingi wa watu hewa ikawa nzito, wifi akainuka, akabonyeza swichi kwa kidole kizima. Mama mmoja wa Rungwe Mpya akatazama juu, akauliza ni fundi gani aliyeifunga, mbona haipigi kelele.

"Kaka yangu," wifi akasema.

Akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa.