Bidole ku Muguu ya Kushoto

Hapa kwetu mwanamuke akisha kuzala, kazi yake ni kulala. Ku materniti masera, mutawa wa misheni, alinikataza hata kutia muguu chini. Ku nyumba mama mukwe akanikataza tena. Nililala mpaka mugongo ikachoka, hasira ikanishika. Ile hasira haijaisha. Njo ninaandika nayo.

Siku moja, muchana, nikaamuka mu usingizi. Muguu ya kushoto ilikuwa nzito, moto kama chungu ya bukari, ile ugali yetu. Ngozi ilivutika, ikangaa, imekuwa nyeupe-nyeupe kama ya muntu mwingine. Ya kuume ilikuwa yangu tu. Na pale nyuma, ku nyama, kulikuwa alama ya bidole. Bine, na kidole gumba. Zilikuwa shimo, na zilikuwa zinajaa pole pole mbele ya macho yangu, kama vile mwenye kunishika ametoka sasa hivi.

Mu chumba hamukuwa muntu.

Nikaita. Mama mukwe akaingia na mutoto ku mugongo. Hakuniangalia miye. Aliangalia muguu, akaipigia magoti.

"Umekuja, mama," akaiambia. "Tulikukosea nini? Mwache mwenzako, iko na mutoto."

Nilijua anasema na nani. Bwana yangu alikuwa na bibi mbele yangu. Alizala mu nyumba hii, akalala ku kitanda hii, muguu yake ya kushoto ikavimba vile vile. Mama mukwe akamukanda na mafuta ya ngazi, mawese ya moto. Katikati ya kukandwa, yule mwanamuke akashika kifua, akasema "Mama, pumuzi," akafwa. Bantu ba kambi ya bakazi banasema alikanyaga dawa ya bulozi. Mama mukwe anajilaumu, ati ni yee mwenyewe aliacha kumukanda mapema.

"Leo siachi," akaniambia. "Lala, mwana wangu. Mafuta iko ku moto, ku mbabula ya makala."

Nikajipapasa muguu, nikanusa mukono. Ilikuwa inanuka ngazi tayari.

"Mama, mulinishika wakati nimelala?"

"Si miye. Ni yee, alikuja na mikono yangu."

Mwili yote ikapata baridi, muguu ile tu ikabakia moto. Kisha hasira ikapanda. Ku masomo ya masera tulifundishwa kushona, kufunga bidonda, na kunyamaza. Hii ya mwisho sikuishika vizuri. Lakini hesabu hii niliiweza: muguu ile ile, kitanda ile ile, mikono ile ile.

"Musiniguse!" Nikapiga kelele mpaka majirani bakatoka inje. Siren ya kazi ikalia, bwana yangu akaingia na vumbi mu uso.

"Mama iko na mazoea ya hii kazi," akasema.

"Mazoea? Umuulize bibi yako wa kwanza. Kama unataka wa tatu, kaa, vua biatu."

Hakuvua. Akanipandisha nyuma ya kinga yake, ile baiskeli ya kazi, akaisukuma kwa mukono mpaka ku lopitali, pedali zinazunguka bila muntu.

Munganga akauliza mara mbili: "Bamekukanda?" Nikasema ndiyo. Kisha akaeleza: damu imeganda mu mushipa ya ndani. Kipande ikikatika, inatembea mpaka ku mapafu, na pumuzi inazimika. Tangu pale nilisikiliza kila pumuzi yangu kama muntu anayesikiliza mwizi. Bakatia matofali chini ya kitanda upande wa miguu, bakafunga bande, bakanipiga shindano ya dawa ili damu isizidi kuganda. Na kukanda, hata kidogo, hapana.

Mama mukwe akaja na sahani ya bukari. Akaona muguu, mukono yake ikajiendea.

"Acheni!" Nikamwambia yote: kipande, mapafu, pumuzi. Sikupunguza. Nilikuwa na hasira ya kutosha banamuke babili.

"Na yule?" akauliza.

"Yule vile vile."

Akaweka sahani chini. Akakalia mikono yake.

Sikufwa. Lakini muguu ile haikurudia kuwa yangu kabisa. Kila mangaribi, nikisha kusimama ku mbabula, inavimba. Mama mukwe anaogesha mutoto, anamulisha, anamubeba. Miye hanigusi hata kwa kunisalimia. Anasimama tu pa mulango.

"Yule iko hapa?"

"Ni damu, mama."

"Bonyeza."

Ninabonyeza. Shimo inabakia. Anaiangalia, midomo inatikisika bila sauti, mpaka shimo inajaa. Kisha anaenda kulala.