Mwaka wa Maporomoko

Nikimenya tangawizi mbichi, namuona yule msichana niliyekaa naye dawati moja kule milimani. Vidole vyake vilinuka tangawizi siku zote, maana kabla ya kengele alikuwa shambani na mama yake, wakichimba.

Siku hiyo mwalimu wa historia alitufundisha Warumi wa kale. Alisema mwaka hawakuupa namba kama sisi. Waliuita kwa majina ya watawala wawili walioshika madaraka mwaka huo. "Huo ndio ustaarabu," akasema.

Msichana akanyoosha mkono, uso umemchangamka. "Mwalimu, hata sisi nyumbani! Mama anasema nimezaliwa mwaka wa maporomoko, udongo ulipomfukia baba."

"Wenzako Warumi wana watawala, wewe una matope. Pita mbele."

Akachapwa fimbo nne. Aliporudi kukaa alinitazama mimi, rafiki yake. Nikaziba pua, nikasema darasa zima lisikie: "Sogea huko, Maporomoko."

Walicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Jina likamganda. Muhula uliofuata hakurudi shule.

Leo binti yangu kaniuliza hapa jikoni, "Mama, darasa la tano ulisoma mwaka gani?"

Nikahesabu, hesabu ikanipotea. "Mwaka wa Maporomoko," nikamwambia.

"Mlima uliporomoka?"

"Hapana. Alikuwa mtoto mwenzangu, tulimwita hivyo."

"Jina lake hasa nani?"

Nililitafuta, sikulipata. Nikaendelea kumenya.