Ndoo Sita za Asali Changa

Mlio niliusikia kwanza, mjukuu wangu, kabla jicho langu halijaona kitu. Pwaa. Kimya kidogo. Pwaa tena. Nakumbuka nilikuwa nimesimama nje ya ghala la kikundi chetu hapa Rungwa, asubuhi, ufunguo mkononi, nikadhani paka ameangusha kitu. Nilipoingia na macho yakazoea giza, nikaona mifuniko miwili ya ndoo iko sakafuni, na povu la asali linateremka taratibu ubavuni mwa ndoo. Nikainama nisome jina lililoandikwa kwa makaa. Lilikuwa langu.

Umri wangu ulikuwa kama wako leo. Mnunuzi wa kupeleka asali ng'ambo alikuwa anakuja kijijini kwa mara ya kwanza, siku hiyo hiyo mchana. Na mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza kuingia kambi ya warina asali na mizinga yangu mwenyewe. Wanaume walinitania kwamba nitarudi na ndoo moja, tena ya machozi. Basi nikataka kuwaonyesha.

Wewe unajua kwamba nyuki wakishaikausha asali vya kutosha huziba kila tundu la sega kwa nta, na mrina asali husubiri lizibwe. Sikusubiri. Nilikata masega yaliyozibwa na yaliyo wazi, nikarudi na ndoo sita. Asali ilikuwa nyepesi, inatiririka kama uji wa mgonjwa. Niliona, nikafunika.

Asali changa ina maji mengi, na maji hayo huichachusha mpaka gesi yake ifyatue mfuniko. Ikichanganywa na ya wenzako kwenye pipa, pipa zima linachacha safarini. Sisi pipa letu lilikuwa moja tu, jasho la watu kumi na wawili, na mnunuzi alikuwa ametuma neno kwamba likiwa baya hatarudi tena kwetu.

Nifiche nini? Nilizibeba zile ndoo mbili nikazipeleka nyuma ya ghala, nikazifunika kwa gunia. Nne zilizobaki zilikuwa kimya, nikajiambia ni nzima.

Saa nne watu wakakusanyika. Kikundi chetu kilikuwa na desturi ambayo hata leo mnaifuata: hakuna anayemimina asali yake mwenyewe. Ndoo yako huonjwa na mwenzako, kisha yeye ndiye huimimina. Zangu zilimwangukia Zainabu, rafiki yangu wa tangu utotoni. Akainua ya kwanza bila kugusa kijiko.

"Onja kwanza," nikamwambia.

"Ya Rebeka nionje nini? Tumbo limeshajaa asali za hawa wazee, moja inanuka moshi kama suruali ya mwenyewe."

Watu wakacheka, na mwenye suruali akacheka zaidi. Zainabu akainamisha ndoo. Nikaiona asali inafika ukingoni, na hapo, mwanangu, mikono yangu ikaniwahi. Niliishika ndoo kwa viganja viwili.

"Usimimine. Haijaiva. Zote sita."

"Sita? Mbona hapa naona nne?"

"Mbili ziko nyuma, chini ya gunia."

Mzee Ntandu, ambaye ndiye aliyenifundisha kutengeneza mzinga wa magome na kuutundika, alisogea na fimbo yake. Akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Binti, nyuki walikuwa bado kazini?"

"Walikuwa kazini, babu."

"Ukawafukuza kazi."

Kicheko kikarudi, nami nikatamani ardhi inimeze. Yeye hakucheka. Alisema polepole, "Huko inakokwenda hakuna anayemjua Rebeka, wala Zainabu, wala mimi. Watafungua pipa, basi. Watakachokiona humo ndiyo Rungwa." Kisha akanigonga begani kwa fimbo, kama mtu anayebisha hodi. "Umesema kabla haijamwagwa. Hilo nimelipenda. Wao tuwapelekee iliyoiva. Hii yako tutaipikia wanzuki, pombe yetu ya asali, tunywe wenyewe."

"Na sisi wa msikitini mtatupa nini, povu?" Zainabu akauliza, na safari hii hata mimi nilicheka, machozi yakiwa bado usoni.

Mchana mnunuzi alifika. Alidondosha tone kwenye kioo cha kifaa chake kidogo cha kupimia maji ya asali, akakielekeza kwenye jua, akachungulia. Akarudia. Akarudia tena. Zainabu alinibana mkono mpaka ukafa ganzi. Pipa halikuwa limejaa, ndoo zangu sita zilikuwa hazimo, lakini yule mtu aliinua kichwa akauliza kama mwakani tunaweza kumpa mawili. Vigelegele vilivyopigwa pale vilimfukuza mbuzi wa jirani hadi barabarani. Wiki iliyofuata wanzuki ulikuwa tayari. Nilicheza ngoma mpaka kiatu kikakatika, na wa msikitini wakapata chai ya asali nzito, ya Zainabu.

Sasa wewe unakwenda mjini kukaa meza moja na wanunuzi wa nje. Watakuuliza habari za kesho: alizeti ya wenzetu wa Mtinko, asali yetu, nta yetu, kama vyote vitaendelea kuja. Waambie vitakuja, na uwaambie kwa furaha, maana ni kweli. Msitu bado umesimama, miyombo bado inatoa maua, na vijana wa kwetu wanapanda mti kabla ya kutundika mzinga. Lakini wakikutaka uahidi mapipa ambayo nyuki hawajayajaza, kataa. Kataa kwa adabu, ukitabasamu, ila kataa. Usikate msitu ili kutimiza ahadi uliyoitoa ukiwa umekaa kwenye kiti kizuri. Na ukikosea, maana utakosea, liseme kosa lako wakati ndoo bado iko mkononi.

Umeniuliza, "Bibi, na wakiondoka wasirudi?" Wengine wataondoka, mwanangu. Atakayebaki ni yule anayetaka asali, na huyo ndiye tunayemtafuta.

Mungu akupe ulimi mtamu usiodanganya. Akupe masikio ya kusikia na moyo usiobabaika mbele ya suti. Mvua inyeshe nyuma yako, maua yafunguke utakaporudi, na wazee waliolala katika udongo huu wakutangulie njiani.

Umeinama na shikamoo yako, nami nimeitikia marahaba nikakuwekea mkono kichwani. Umesema, "Marahaba yako naichukua safari nzima, bibi," ukabeba sampuli zako za asali. Umetoka ukiwa unacheka, na mlango ukaufunga taratibu nyuma yako.