Mzee kapunguza upepo

Jamani, leo baba yangu amepunguza upepo wa matairi. Kwa hiari yake!

Mnaomjua, semeni kama naongopa. Matairi ya ile pikapu yake ya fowili huwa magumu kama jiwe, na ukimshauri vingine mtagombana mpaka nyumbani Maneromango.

Leo tumemtoa mama hospitali Kibaha, ana mshono tumboni. Kabla ya kuianza barabara ya vumbi, mzee akasimama kwa fundi.

"Punguza yote manne. Yawe laini."

Nikamtazama. Akajifanya anakagua kioo.

Huko mbele tukaenda taratibu, gari likinesa tu.

Mama akashangaa: "Baba Neema, kumbe barabara wameichonga?"

"Wameichonga," akajibu mzee, huku anakwepa shimo.