Wimbo wa Dirisha la Tiketi

Muuza tiketi wetu hapa kituo cha sanaa hakupi karatasi ya matangazo, anakuimbia. Ukimuuliza onyesho la wiki ijayo likoje, anaegemeza kiwiko kwenye kaunta, anakohoa kidogo kama mtu anayebisha hodi, kisha anakutolea kipande cha wimbo kupitia kitundu cha kioo, kidole cha shahada kikigonga mdundo juu ya kikopo cha pini. Mimi mlinzi wa mlango nimezoea kuujua msimu mzima kutoka kinywani mwake. Mwezi huu kazi imemshinda. Muziki unaokuja ni wa kisasa, wa watunzi walio hai, naye ameingia mazoezini mara mbili na kutoka ameshika kichwa: fidla inakwaruzwa mgongoni, mpiga kinanda ananyamaza mikono ikiwa hewani, halafu wenyewe wanapongezana. Jana mzee mmoja aliinama dirishani. “La Ijumaa likoje, mama?” Muuza tiketi akakohoa. Kidole kikainuka, kikabaki juu. Akajaribu mluzi, akauacha njiani. Mwishowe akakwaruza kioo kwa ukucha, taratibu, toka juu hadi chini, akanitazama nimsaidie. Nikatazama viatu vyangu. “Ndivyo lilivyo?” mzee akauliza. “Nadhani.” “Basi nipe mbili.” Akazikata, lakini hakuziachia mara moja. “Ukitoka Ijumaa, baba,” akamwambia, “pitia hapa uniambie nimekuuzia nini.”