Shibiri Moja ya Mtutu

Kabla ya bunduki palikuwa na mbuzi, kwa hiyo nianze na mbuzi.

Ng'ambo ya milima iliyo magharibi ya Sydney, mwendo wa saa tano kwa gari, kuna mashamba yenye mbuzi wasio na mwenyewe. Babu zao walifugwa, wakatoroka, wakazaana makorongoni, na sasa wanawamalizia kondoo wa watu majani, mpaka wenye mashamba wanaomba wageni waje kuwapunguza. Habari hii niliipata wakati wa chai, kutoka kwa mzee Mwaustralia anayeendesha foklifti kwenye ghala tunalofanyia kazi. Nilimwomba airudie. Mbuzi? Wa bure? Na mwenye shamba anakushukuru juu yake?

Mimi ni Mkongo wa mashariki. Kuna habari ambazo mtu wa kwetu hawezi kuzisikia akaendelea kunywa chai.

"Nifundishe," nilimwambia.

"Itachukua muda, mate," akasema. Anamwita kila mtu mate, yaani rafiki kwa Kiingereza cha huku, hata meneja, hata mbwa wake.

Kweli ilichukua. Shule niliiacha mwaka wa sita wa msingi, lakini kwa ajili ya wale mbuzi nilisoma kuliko nilivyopata kusoma maishani. Nilifanya kozi ya usalama, nikafanya mtihani, nikajiunga na klabu ya wawindaji, nikafungia sefu la chuma kwenye ukuta wa zege, polisi wakaja wakalikagua, wakalitikisa, likakataa kutikisika. Leseni ikatoka. Kisha nikaomba kibali cha kununua bunduki ya kwanza, na hapo serikali inakupa karibu mwezi mzima wa kusubiri na kufikiri. Ni utaratibu mzuri. Ila nyumbani kwetu mwezi ni muda mrefu mno wa kuachia watu kitu cha kubishania.

Nyumbani kwetu ni Mount Druitt, pembeni mwa Sydney, na watu wenyewe ni wawili. Wa kwanza ni mdogo wangu wa kiume, muuguzi, anayeishi Blacktown na kuja kila Jumapili baada ya ibada. Wa pili ni kitinda mimba wetu, msichana anayesoma uhandisi chuo kikuu na bado anaishi kwangu. Yeye anasikia Kiswahili chote, lakini akijibu anajibu Kiingereza, basi maneno yake humu nimeyatafsiri. Wote wawili wananiita Yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu kule kwetu.

Baba na mama walipotutoka nilikuwa na miaka kumi na minne. Mvulana alikuwa na tisa, na huyu wa mwisho alikuwa mgongoni mwangu. Siku zile niliweka sheria moja, na nikaishika kambini, nikaishika kwenye ndege, nikaishika hapa: Yaya akishasema, amesema. Sikuwahi kurudi nyuma hata mara moja. Watoto wenzao walikataliwa na mama, wakakimbilia kwa baba. Wangu wangekimbilia kwa nani? Niliona kwamba neno langu ndilo ukuta pekee tulio nao, na nikitoa tofali moja tu, nyumba nzima itatuangukia. Miaka ishirini na miwili ukuta ulisimama. Uliokuja kuutikisa ni mtutu wa bunduki, na wala haukuwa na risasi ndani.

Niliyoitaka ni ile ambayo chini ya kifyatulio ina mkono wa chuma kama kishikio cha kikombe. Unaushusha, ganda la risasi linaruka nje. Unaupandisha, risasi nyingine inaingia. Niliipenda kwa sababu unaiona ikifanya kazi, hakuna siri. Tatizo ni kwamba dukani inauzwa ya mtutu mfupi na ya mtutu mrefu, na tofauti yao ni kama shibiri moja. Shibiri tu, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Nisingeamini kama shibiri inaweza kugawa familia.

"Yaya, sisi tulizikimbia hizi kitu," mdogo wangu wa kiume alisema Jumapili ya kwanza, kabla ya habari ya urefu. "Sasa unaenda kununua?"

"Zile zilikuwa zinatutafuta sisi. Hii inatafuta mbuzi."

Nikamweleza habari ya urefu, akaamua papo hapo. "Basi nunua fupi."

Nilikuwa nimenunua mafagio mawili na kuyakata mipini, mmoja urefu wa bunduki fupi nzima, mwingine urefu wa ile ndefu, kwa vipimo ambavyo yule mzee aliniandikia kwenye kipande cha boksi. Tukaenda kwenye korido kuyajaribu. Muuguzi wetu aliunyanyua ule mfupi, akazunguka mlango wa bafu, akamlenga mdogo wake aliyekuwa na sahani ya ndizi.

"Umeona? Fupi inageuka haraka. Ndefu inakuwa nzito mbele, mkono unachoka."

"Ufagio hauna uzito mbele, kaka," mhandisi akasema, bado anatafuna. "Na mtutu mrefu unaipa risasi kasi zaidi. Halafu kile kipande cha mbele cha kulengea na kile cha nyuma vinakuwa mbali, kwa hiyo kosa dogo unaliona mapema. Mfupi una kelele, utatoka huko kiziwi."

"Umeshawahi kuwinda, wewe?"

"Wewe umeshawahi? Unawinda mishipa ya wazee kwa sindano!"

"Na sikosi!"

"Basi!" nikasema. "Nimesikia. Ni mrefu."

Sikuwa nimesikia. Nilikuwa nimeamua tangu dukani. Mimi nimelea watoto kwa viatu vinavyozidi namba mbili na makoti yanayofika magotini. Maisha yangu yote, nikiwekewa kidogo na kikubwa, mkono unaenda wenyewe kwenye kikubwa. Mtu wa aina yangu akionyeshwa bunduki mbili, moja ina chuma zaidi, hahitaji fizikia.

Wiki iliyofuata klabu ilinipa haki. Wanachama wawili waliniazima bunduki zao kwenye uwanja wa shabaha, moja ya kila urefu, na mzee akasimama nyuma yangu. Kwa ule mrefu nilitulia. Mtutu ulibaki pale nilipouweka, na matundu yangu matano yangeweza kufunikwa kwa sahani ya kikombe. Kwa ule mfupi, mlio wa kwanza ulinipiga kifuani nikaita "Yesu!" kwa sauti ambayo watu wote mstarini waliisikia, na matundu yakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Nilipeleka karatasi zote mbili nyumbani, nikazibandika kwenye friji. Mdogo wangu wa kiume alizitazama Jumapili nzima, kila alipofungua friji. Nakiri nilifurahi.

Kisha mzee akasema, "Kabla hujanunua, njoo utembee pale mahali penyewe."

Tukaenda, Jumamosi. Yeye alikuwa na bunduki yake, mimi nina mipini miwili ya mafagio. Alinitazama nikiishusha kutoka kwenye gari.

"Utawafagia?"

"Napima."

"Haya, mate."

Nilikuwa nimejenga kichwani kilima kikavu, kisicho na miti, na mbuzi amesimama mbali juu ya jiwe akisubiri shabaha yangu nzuri. Kilima kilikuwepo, kweli, lakini mbuzi hawakuwepo. Mchana wenye jua mbuzi wa pale wanashuka korongoni, na korongo limejaa vichaka vya miiba na miti myembamba iliyosongamana kama watu kwenye lango la stesheni. Nilianza kuteremka na mpini mrefu, nikiubeba kama ninavyopaswa kubeba bunduki, ncha ikitazama mbali na mzee. Ulikwama. Nikauchomoa, ukakwama. Nikiinama, mbele unachimba ardhi; nikisimama, unashika matawi. Mzee alinipita, akanisubiri, akaniacha nimtangulie tena kwa heshima.

Hapo ndipo nilipomwona. Beberu mweusi, pembe zimefunguka kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni, hatua nane mbele yangu. Anatafuna. Nikafanya yote niliyofundishwa: nikapumua, nikaweka mguu, nikainua mpini wangu begani. Ncha ikaingia kwenye panda ya mti. Nikavuta. Mti ukaja na mimi, majani yakanimwagikia kichwani. Nikavuta tena. Beberu alikuwa ananitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyeleta fomu isiyo yake. Alitafuna mpaka akamaliza, akameza, akageuka, akaondoka bila haraka. Nyuma yangu mzee, ambaye asingeweza kupiga risasi kwa sababu mimi nilikuwa mbele, alikuwa ameketi chini akicheka, bunduki yake ameshaifungua na kuitoa risasi ili acheke kwa usalama.

Kupanda kurudi nilishika mpini mfupi, ambao mzee alikuwa amenibebea. Mara tatu tulikutana na mbuzi, na mara zote tatu mpini ulipanda begani kabla sijaamua. Hakuna aliyekuwa mbali. Mle korongoni huoni hata urefu wa kanisa letu. Shabaha yangu nzuri ya uwanjani ingekuwa na kazi gani kwa mbuzi ninayeweza kuhesabu ndevu zake?

Kwenye gari mzee akauliza, "Basi, mate, ipi?"

"Mrefu," nikasema.

Alitazama majani yaliyobaki kwenye nywele zangu. Akawasha gari, akafungua redio.

Ndiyo, nilimdanganya. Nilikuwa nimeshasema nyumbani. Na aliyesimamia ufupi tangu mwanzo ni mvulana niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Kibali kingefika siku chache baadaye, na mimi nilikuwa ninakwenda kununua kitu nilichojua hakifai, ili nisimsikie mtu mmoja akisema "nilikuambia." Nilijaribu mlango wa pembeni: duka lina pia mtutu wa katikati. Pengine ungenifaa. Lakini nilijua vizuri kwa nini ghafla nilianza kuupenda. Ule wa katikati ungekuwa maficho tu.

Nilihangaika na jambo hilo wiki nzima. Nilikuwa ninapanga maboksi ghalani nikifanya mazoezi ya kusema neno ambalo sikuwahi kulisema mbele ya watoto. Midomo iliona aibu hata pale, mbele ya maboksi.

Jumapili walikuja, tukala, na mhandisi akaleta chai. Kibali kilikuwa mezani, kilikuwa kimefika Ijumaa.

"Kesho unaenda?" kaka yake akaniuliza, akiitazama friji. "Kuchukua hiyo ndefu yako?"

"Nitachukua fupi."

Nikasukuma kibali katikati ya meza.

"Nilikosea," nikasema. "Nimetembea kule, nimeona. Nilisema mrefu, na sasa ninasema mfupi. Ulikuwa na haki wewe."

Nilijiandaa kwa kelele. Mhandisi aliweka birika chini polepole sana, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Subiri," akasema. "Yaya. Umebadilisha neno?"

"Nimebadilisha."

"Inawezekana?"

"Inaonekana inawezekana."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi, niache ninywe chai."

Aliketi mbele yangu, akakunja mikono ya sweta yake. "Mwaka wa nane. Shule ilikwenda kwenye theluji, darasa zima. Ulikataa. Ninakata rufaa."

"Sikujua theluji ni nini! Niliona kwenye televisheni watu wanazama mpaka kiunoni. Nilifikiri watarudi na wewe nusu."

"Kwa hiyo?"

Nikafikiri. "Kwa hiyo nilikosea. Nenda."

"Nina miaka ishirini na tatu, Yaya, siombi ruhusa. Ninaomba uje na mimi."

"Hiyo ni kesi nyingine."

"Kutoboa masikio mara ya pili!"

"Hiyo inabaki hapana."

"Nimeshatoboa!" Akainua nywele, akanionyesha. Nilikuwa nimeishi na masikio hayo miezi minne bila kuyaona. Tulicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kibali, nikakikausha kwa leso ya kanisani.

Mdogo wangu wa kiume tu hakuja kwenye foleni. Ushindi ulikuwa wake na hakuutumia. Alikusanya vikombe, akaenda kwenye sinki, akafungua maji. Nikadhani amenionea huruma, na hiyo iliniuma kuliko ambavyo kelele zingeniuma.

"Na wewe?" nikamwambia. "Leo baraza liko wazi. Huna kesi?"

Alisugua kikombe kimoja muda mrefu.

"Ninayo moja," akasema bila kugeuka. "Yule Mkenya."

Mhandisi akajifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Yule Mkenya alikuwa muuguzi mwenzake. Nilimwona mara moja, miaka miwili nyuma, kwenye karamu ya ubatizo, na nikamwambia mdogo wangu hapana kabla dada wa watu hajapata kiti. Sikuuliza jina la mama yake. Sikuuliza kitu. Alinipa mkono, mimi nikampa sahani akamgawie mtu mwingine. Mdogo wangu alisema tu, "Sawa, Yaya," na tangu siku ile hakulitaja tena, nami nilihesabu kwamba limekwisha.

"Bado mnaongea?"

"Kila siku."

"Miaka hii yote miwili?"

"Yaya, ulikataa asije hapa. Hukusema nisimpigie."

Maji yalikuwa yanaendelea kumwagika. Niliinuka, nikayafunga, nikamtoa kikombe mkononi, maana kilikuwa kimeshatakata zamani.

"Mwambie aje Jumapili," nikasema. "Na safari hii niache nimuulize maswali yangu yote."

"Yote?"

"Yote. Mwambie aje ameshiba usingizi."

Alichukua simu, akatoka uani kumpigia. Tulimsikia kupitia dirishani akieleza, akirudia, akiapa kwamba hatanii. Dada wa watu upande wa pili, ilionekana, alikuwa haamini.