Upande wa Kushoto wa Mto wa Taa

Katika Mto wa Taa, Lavonia Gadsden alikaa kushoto. Mashua za mchezo ule wa bustani ya burudani zilikuwa na mabenchi manne, kila benchi watu watatu, na kwa miaka hamsini aliyozipanda hakuna aliyepata kumwona amekaa mahali pengine. Foleni ilipomfikisha kwenye mashua ambayo kushoto kumeshakaliwa, alisogea kando, akawapisha waliokuwa nyuma yake, akangoja mashua inayofuata. Wahudumu walishamzoea. "Bi Lavonia anangoja kiti chake," waliambiana, na foleni ikaendelea.

Mimi nilimjua kwanza jikoni. Nilifundisha hesabu katika shule ya Harlow Springs, hapa katikati ya Florida, na yeye alikuwa mpishi wa shule hiyohiyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye kumbukumbu iliyonitisha hata mimi mwalimu: alijua ni mtoto yupi hali mahindi, yupi amefiwa na bibi, yupi huficha mkate mfukoni ampelekee mdogo wake. Huyo wa mwisho alimpa mikate miwili bila kusema neno. Tulipostaafu mwaka uleule, ndiye aliyenipeleka kwenye klabu ya Wapanda Mashua.

Klabu ile ilikuwa ya watu kama ishirini hivi, wapenzi wa mchezo mmoja tu katika bustani nzima ya burudani iliyo nje ya mji wetu. Mashua za Mto wa Taa huelea dakika kumi na moja gizani, chini ya paa kubwa lisiloonekana, katika kijito chenye kona tano. Kingoni kuna taa za mafuta za bandia na sanamu zinazotikisika kwa mitambo: wavuvi, wafuaji wa nguo, nahodha mlevi, mamba aliyevaa miwani. Maji yake yana harufu ya ukungu na dawa, na wapenzi wa mchezo huivuta harufu hiyo kama watu wengine wavutavyo harufu ya mkate unaookwa. Kila Jumamosi asubuhi tulikutana katika mkahawa wa kambale karibu na lango, wenzetu wakiwa wamevaa fulana ya klabu, ambayo mgongoni ilichorwa bendi ya kivukoni, sanamu maarufu kuliko zote. Lavonia alivaa kofia tu. Fulana, alisema, ina joto. Na mkahawani alichagua daima kiti cha mbele kabisa, mahali ambapo mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu.

Kisha uongozi wa bustani ukatangaza kwamba Mto wa Taa utafungwa. Mto wenyewe utabaki, mashua zitabaki, ila sanamu zote zitaondolewa, na mahali pake patawekwa chemchemi, nguva, na fisi maji mmoja mwenye kofia atakayewaongoza wageni kwa nyimbo.

Jumamosi ile mkahawa ulichemka.

"Fisi maji!" alifoka Hoyt Purvis, dereva wa malori mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Wanataka kutuuzia midoli ya fisi maji, basi! Leo nguva, kesho watatuletea samaki anayecheza ngoma."

"Wewe Hoyt, mchezo umechakaa," alisema Corinne Batts, muuguzi, mdogo kuliko sote. "Yule mfuaji wa kona ya pili mkono ulishang'oka. Anafua kwa bega."

"Na anafua vizuri kukushinda wewe!"

Watu wakacheka. Corinne hakucheka sana. "Kuna vitu humo vilitakiwa kuondoka kabla sijazaliwa," alisema. "Mnavijua."

"Tusianze hayo," alisema Delbert Hanchey, mwenyekiti, akigonga glasi yake ya chai baridi kwa kijiko. Delbert alikuwa fundi wa viyoyozi mstaafu, mzungu mrefu mpole, mtu wa kanuni na madaftari. Ndiye aliyebuni zile fulana, na ndiye aliyepanda mashua na Lavonia kila Jumanne kwa miaka mingi. Alikaa kulia ili kumwachia kushoto, wala hakuwahi kuuliza sababu. "Jamani, wakuu wa bustani watawasikiliza wapenzi wa mchezo. Klabu yetu imepewa dakika tano. Msemaji mmoja. Tutampata kwa desturi yetu, kwa kusomesha mashua."

Kusomesha mashua ulikuwa mtihani wetu. Mtu alisimama, akafumba macho, akausimulia mto wote kutoka lango hadi gati, kingo zote mbili, kwa mwendo uleule wa mashua, huku mwenyekiti ameshika saa ya kuhesabia sekunde. Aliyetofautiana na mashua kwa zaidi ya nusu dakika alianguka. Aliyeruka sanamu hata moja alianguka pia. Katika historia ya klabu, watu watatu tu walikuwa wamefaulu.

Wote wakamgeukia Lavonia. Alikuwa amepanda mara elfu mbili mia tatu na kumi na nne, na hakuna aliyemkaribia.

"Nitasomesha," alisema.

Nilimsindikiza hadi garini, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee katika klabu aliyeijua siri yake. Mwaka ambao mchezo ulifunguliwa, Lavonia alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake, Bi Idella, alikuwa amengoja maisha yake yote kuingia katika bustani za namna hiyo, kwani wakati wa ujana wake watu weusi hawakuruhusiwa hata kusogelea lango. Walipanda mashua. Walifurahi kona ya kwanza, wakafurahi ya pili. Kwenye kona ya tatu, ukingo wa kulia, ikatokea bendi ya kivukoni: wanamuziki wanne weusi, macho yamewatoka, midomo imepakwa nyekundu hadi mashavuni, wanaangukiana na kuibiana kuku. Watu wa mashua nzima waliangua kicheko. Bi Idella alimshika binti yake kidevu, akamgeuza kushoto, akasema, "Tazama huku. Nimelipa kuingia, nitatazama ninachokitaka mimi." Kushoto alisimama korongo mmoja.

Tangu siku ile, katika ukoo wa Gadsden, mtu mmoja alinong'ona "Kushoto!" kabla ya kona ya tatu, na videvu vyote vikageuka. Lavonia aliwafundisha hivyo wanawe na wajukuu wake. Aliupenda mto ule kwa moyo wake wote, na hakuwahi kuutazama ukingo ule tena.

"Unataka kusema nini mbele ya wakuu?" nilimuuliza.

"Nitawaambia waondoe kona ya tatu, waniachie mto wangu. Sitaki fisi maji wao, na sitaki ile bendi. Kuna mtu mwingine atakayesema hivyo? Corinne anataka ufutwe wote. Hoyt anataka ubaki wote."

"Lakini mtihani, Lavonia. Kulia kwa kona ya tatu utasema nini?"

Alitoa funguo mkobani.

"Zipo picha," nilisema. "Nitakuandikia kila kitu. Utakariri usiku mmoja, wewe na kichwa chako hicho."

"Mwalimu," alisema, akifungua mlango wa gari, "sikutazama kwa ajili ya kicheko chao. Sitatazama kwa ajili ya mtihani."

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele yetu, akafumba macho. Delbert akabonyeza saa. Sisi nasi tulifumba macho, kama ilivyo desturi, na katika maisha yangu sijasikia masomesho kama yale. Aliyataja maji yanavyobadili sauti chini ya daraja. Alimtaja mamba na lenzi ya miwani iliyopasuka. Kwenye kona ya pili alimtaja mfuaji, akanyamaza kidogo pale ambapo mkono ulipaswa kupiga jiwe, na watu wakacheka kwa mahaba.

Kisha kona ya tatu.

"Kushoto kuna korongo," alisema. "Mguu wake mmoja umefungwa waya wa shaba, mizunguko sita. Nyuma yake kuna taa yenye kioo cha buluu, peke yake katika mto mzima, zingine zote ni za manjano. Chini ya taa kuna ndoo, na ndani ya ndoo yumo kobe. Yule kobe hatikisiki. Nadhani mtu aliyemtengeneza alimweka kwa furaha yake mwenyewe. Halafu kona ya nne..."

"Ngoja," alisema Delbert taratibu. "Dada Lavonia, umeruka bendi."

"Sijairuka. Siijui."

"Huijui vipi? Umepanda mara elfu mbili..."

"Mia tatu na kumi na nne. Naijua kwa sekunde moja ya mwaka wa sabini na moja." Akafumbua macho, akawaeleza yote, mkono wa mama yake kidevuni mwake, neno "Kushoto!", na fulana. Hakupandisha sauti. Alizungumza kama alivyozoea kuwaambia watoto kwamba leo hakuna nyama.

Hakuna aliyejua pa kutazama, maana karibu kila mgongo katika chumba kile ulikuwa na bendi. Corinne alifungua sweta aliyojifunga kiunoni, akaivaa juu ya fulana yake.

Hoyt ndiye aliyetangulia kusema, na nadhani aibu ndiyo iliyomsemesha. "Kwa hiyo ile rekodi," alisema, "ni ya nusu mashua."

"Hoyt, funga mdomo," alisema Corinne.

"Mwache," alisema Lavonia. "Delbert, nimefaulu au nimeanguka?"

Delbert alitazama saa yake muda mrefu. Ni mtu mwema, nami nayasema haya nikimpenda. Lakini alikuwa ameishi kwa kanuni, na siku ile hakuwa na kitu kingine cha kushika. "Sanamu ikirukwa..." alianza. "Kanuni yetu inasema..."

"Naijua kanuni yenu," alisema Lavonia. Akachukua mkoba wake, akaondoka. Usemaji ukamwangukia Delbert.

Jumamosi mbili kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Jumanne ya pili, asubuhi, Delbert alikwenda mtoni peke yake, akakaa kushoto. Alinieleza baadaye kwamba alizunguka mara nne. Mara ya kwanza shingo yake iligeuka kulia yenyewe, kwa mazoea, na bendi ilipotokea, mwanamke aliyekaa naye benchi moja, mgeni mweusi mwenye binti wa miaka kama saba, aliinua mkono akamshika mtoto kidevu. Mara tatu zilizofuata Delbert alitazama kushoto. Alihesabu mizunguko ya waya. Ilikuwa sita.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Lavonia na mfuko wa karanga za kuchemsha, zingali moto. Nilikuwa pale barazani, na nilipotaka kuondoka Lavonia alinizuia kwa jicho.

"Nimemwona kobe," alisema Delbert.

"Haya."

"Miaka yote ile nimekaa ubavuni kwako nikicheka."

"Ulicheka, ndiyo."

"Mbona hukuniambia, dada yangu?"

"Ulikuwa unanipisha kiti," alisema Lavonia. "Nilidhani siku moja utauliza kwa nini."

Delbert alikaa kwenye ngazi. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alisema kwamba zile dakika tano ni zake Lavonia, kwamba ameifuta kanuni ile kwa mkono wake katika daftari, na kwamba yeye bado hataki fisi maji na atawaandikia wakuu barua kuwaambia hivyo.

"Hata mimi simtaki," alisema Lavonia. "Leta karanga hizo."

Mbele ya wakuu alitumia dakika tatu. Aliwaambia kwamba bendi iondoke na isisemwe kwamba haikuwahi kuwapo. Kwamba mto, taa na sanamu nyingine zisiadhibiwe kwa kosa la kona moja. Na kwamba, wakishindwa yote, wamwache korongo. Walimshukuru kwa adabu. Majuma mawili baadaye ikaja barua: mpango hautabadilika, mchezo utafungwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kuhusu korongo waliandika kwamba wamelizingatia ombi. Sikumwona akilia, ila aliikunja barua mara nyingi mno hata ikawa ndogo kama kiberiti.

Jumapili ile tulipanga foleni tangu lango lilipofunguliwa, tukafika gatini baada ya kungoja saa nne nzima. Watu walivaa maua. Hoyt, aliyekuwa mbele yetu, alivaa shati jeupe lisilo na picha, akamletea Lavonia maji baridi bila kumtazama usoni. Mashua ilipofika, Delbert, kama kawaida yake, alisogea ampishe aingie kwanza akae kushoto.

"Leo kaa wewe huko," alisema Lavonia. "Mimi niachie kulia."

Delbert alimtazama. "Una hakika?"

"Wanaondoka kesho. Nimewakimbia tangu nina miaka kumi na minne. Nataka wanione nikipita nikiwatazama."

Niliketi kati yao. Mashua ikapita chini ya daraja, ikampita mamba, ikampita mfuaji na bega lake. Kabla ya kona ya tatu nilimsikia Delbert akijinong'oneza, "Kushoto," naye akageuka. Lavonia hakugeuka. Bendi ikatokea, wale wanne, wakitikisika na kuangukiana. Rangi ilikuwa imebanduka. Mmoja alikuwa amekwama, kichwa kimeinama, hatikisiki tena. Katika mashua ile hakucheka mtu. Lavonia aliwatazama hadi taa yao ikafichwa na ukingo, akavuta pumzi.

"Wadogo hivi?" alisema.

Gatini Delbert alitoa daftari lake. "Elfu mbili mia tatu na kumi na tano," alisema, akiandika.

"Andika," alisema Lavonia, akishika bega langu ili atoke mashuani. "Kisha mwambie Hoyt nimemaliza ile nusu yake."

Hoyt, aliyekuwa akitungoja kwenye vyuma vya gati, alisikia. Akavua kofia.